Natoka Ulaya, Nasomea Bahari

Siku bahari iliponichukulia viatu mbele ya darasa zima, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyoolewa. Ya ndoa nakumbuka pilau na joto tu. Ya viatu nakumbuka mpaka rangi ya kamba zake.

Hebu kaa hapo mkekani. Usogeze na huo ungo wa kunde, tupukuchue huku tunaongea, maana maneno ya mikono mitupu huishia kwenye umbea. Nakuita mwanangu ingawa wewe ni mjukuu wangu, mtoto wa Saidi, na Saidi ni mtoto wa dada yangu. Mimi nikiwa na neno zito kila mtu huwa mwanangu, hata baba yako mwenyewe na mvi zake. Leo ninalo.

Baba yako alikuja hapa juzi asubuhi, na jogoo. Mtu akija kwa mama yake mdogo na jogoo, si sikukuu wala hakuna mgonjwa, ujue anataka kitu. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, akakaa. Akazunguka weee: mvua, mpunga, ng'ombe walioingia shamba la watu kule Malolo. Mimi namtazama tu. Mwishowe akalitapika: Zuhura wake amefaulu sayansi zake kidato cha sita, dirisha la kuomba chuo linafungwa wiki ijayo, na mtoto hataki kusikia kingine ila kusomea viumbe wa baharini.

"Bahari, mama mdogo! Sisi na bahari wapi na wapi? Kama anataka wanyama, Mikumi hiyo hapo. Tembo wanavuka barabara kuu mchana kweupe, unawahesabu ukiwa ndani ya basi. Akasomee tembo! Huko baharini kuna ajira gani kwa mtoto wa hapa kwetu Ulaya? Mkataze. Wewe anakusikiliza. Na wewe ndiye uliyemharibu."

Hilo la kukuharibu silikani. Nilikuharibu kwa karai la udongo, kama mimi nilivyoharibika.

Hujawahi kunisikia nikisimulia jinsi nilivyopata jina hili la Bibi Samaki. Watu wa hapa wanadhani ni kwa sababu ya kazi yangu. Hapana, ugonjwa ulinipata mapema. Nilikuwa darasa la tano, kiangazi, na bibi yangu alikuwa anakandika nyumba upya. Akanituma kule mbugani nikachimbe udongo kwenye dimbwi lililokauka, maana udongo wa dimbwi unashika ukuta kuliko mwingine. Nikaleta, nikautia karaini, nikamwagia maji ulainike. Mara tukaitwa msibani Kimamba, tukaacha kila kitu. Tuliporudi, maji yametulia juu ya udongo, safi, na ndani yake vinaogelea vitu. Vidogo mno, macho tu na mkia.

Nikakimbia ndani napiga kelele, "Bibi! Bibi! Udongo umezaa!"

Bibi akaja, akainama, akatazama. Akasema hao ni samaki wa mvua, wale wanaoonekana madimbwini masika, madume yao yana nyekundu na buluu kama kanga mpya. Akasema huanguka na mvua kutoka juu, ndivyo wazee walivyokuta.

"Lakini Bibi, mvua haijanyesha."

Bibi akainua macho kutazama mbingu. Halafu akasema, "Basi wamekosea njia," akaenda zake kukandika.

Mwanangu, jibu lile lilinikera miaka! Wamekosea njia! Kila nilipopita kwenye dimbwi kavu nilisimama nikaukodolea macho ule udongo uliopasuka. Wako wapi? Wanakula nini? Wanajuaje kwamba masika yamefika? Mama akidhani nimerogwa. Na wewe ulipokuwa mdogo ukaniuliza swali hilo hilo, umesimama pale pale penye muhogo, kamasi zinakutoka, nikakupa karai nikakwambia kachimbe ukaone. Nilijua ninachokifanya. Baba yako ana haki ya kunilaumu.

Basi, nilipomaliza shule nikasikia kuna chuo huko pwani wanafundisha mambo ya samaki na viumbe wa majini. Nikaomba, nikapata. Nikapanda treni Kilosa na sanduku la bati na viatu vya raba vyeupe alivyonipa kaka yangu, vyenye kamba za kijani. Nilikuwa sijawahi kuiona bahari hata siku moja. Siku ya kwanza darasani kila mtu akasimama kutaja jina na kwao. Zamu yangu ikafika, nikasimama kwa heshima zote, nikasema, "Mimi natoka Ulaya."

Loo! Darasa liliangua kicheko mpaka mwalimu akashika meza. Nikaeleza kwamba ni Ulaya ya Kilosa, kata kabisa, ina soko na shule. Thubutu! Nani ananisikiliza? Toka siku hiyo nikawa Mzungu. "Mzungu, nipitishie chumvi." "Mzungu, kwenu kuna theluji?" Nami nikacheka nao, maana jina la kupewa ukilikasirikia ndio unalipigilia misumari.

Jina halikuniuma. Kilichoniuma ni bahari.

Wiki ile tulikuwa na mazoezi ufukweni. Tumegawanywa vikundi, kila kikundi kina fremu za waya za kuweka mchangani na kuhesabu wanyama walio ndani yake, na chupa za kuhifadhi mmoja mmoja wa kila aina. Kazi ile ndiyo iliyokuwa ya kutupitisha muhula. Kikundi chetu tulikuwa watano, wanne wote watoto wa pwani. Siku ya mwisho maji yalikuwa yametoka mbali sana, ufukwe mweupe, unatembea unachoka. Wenzangu wakamaliza sehemu yao, wakanikabidhi chupa za wiki nzima nimalizie fremu ya mwisho huko mbali, wao wakatangulia kula. Mmoja akanigeukia akasema, "Usikawie."

Sikia hapo, mwanangu. "Usikawie." Kwao neno hilo lilikuwa na bahari nzima ndani yake. Kwangu lilikuwa na ubwabwa tu. Nilidhani wananiambia chakula kitakwisha.

Nikavua viatu vyangu visichafuke, nikavipanga juu ya mchanga mkavu pamoja na chupa na fremu, pazuri kabisa. Nikachuchumaa kwenye kidimbwi kati ya mawe. Humo nikamwona kaa mdogo, wale wanaoishi ndani ya ganda la konokono, amekutana na ganda jingine kubwa zaidi. Analipima. Analigeuza. Anaingiza koleo lake ndani anapapasa, anatoka, anafikiri. Mimi nani niondoke kabla sijajua kama atahama? Nikaganda pale. Akahama, mwanangu! Alichomoka uchi, akarukia nyumba mpya, upesi kuliko kufumba jicho. Nikapiga makofi peke yangu.

Niliposimama maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu yangu. Nikageuka, chupa zinaelea. Viatu vinaelea, vimeongozana kama watu wanaokwenda sokoni. Kuogelea sijui. Nikakimbia nikipiga mayowe, nikadaka fremu moja, vingine vyote vikaenda. Darasa zima limesimama pale penye minazi linatazama. Kwanza wakacheka. Halafu kikundi changu wakaelewa kilichokwenda ni kazi yetu ya wiki nzima, wakaacha kucheka. Msichana mmoja akalia. Mwingine akasema kwa sauti nikasikia, "Mtu wa bara utampaje kazi ya bahari?"

Mwanangu, niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto. Nikaenda bwenini peku, nikafungua sanduku, nikaanza kupanga nguo. Nilikuwa nimekata shauri: treni, Kilosa, Ulaya, jembe. Chuo hakikuwa na masihara, ukiondoka bila ruhusa nafasi yako anapewa mwingine. Nilijua hivyo, na bado nikawa nakunja nguo.

Mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa mzee mmoja wa visiwani, Bwana Makame, mtu wa maneno machache na kofia ya kiua isiyomtoka kichwani. Akaja akasimama nje ya mlango wa bweni, maana wanaume hawaingii, akaniita. Nikatoka. Akaangalia miguu yangu mitupu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mwalimu. Bahari si ya watu wa kwetu."

"Nani kakwambia?"

"Imeniambia yenyewe."

Akacheka mpaka akatafuta benchi la kukalia. Nami nikakasirika zaidi, maana nilikuwa nasema kweli. Alipomaliza kucheka akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyeniuliza: "Ulipoona maji yametoka, ulidhani yamekwenda wapi?"

Nikamweleza. Kwamba kwetu kuna mto Miyombo. Masika unajaa, kiangazi unashuka, na ukishuka umeshuka. Ule ukingo unakuwa wetu. Tunapanda mchicha na nyanya pale pale maji yalipokuwa, tunaanika nguo, watoto wanacheza, hakuna anayeogopa mpaka mvua nyingine. Kwa hiyo nilipouona mchanga mweupe nikajua hicho ni kiangazi cha bahari.

"Kiangazi cha bahari," akarudia polepole. Hakucheka safari hii. Akanigeukia, na hapo ndipo aliponisema.

"Kosa lako la kwanza si viatu. Umeona jambo nusu, ukalihukumu zima. Ungekaa ukatazama mpaka mwisho ungejua. Hilo la kwanza nalisamehe, maana ukupigao ndio ukufunzao. La pili silisamehe. Wale wenzako wamezaliwa na maji yanatoka na kuingia, hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza yanakwenda wapi. Wameyazoea. Wewe umejiuliza, tena una jibu lako, ijapokuwa la makosa. Halafu swali zuri kama hilo unalifungia sandukuni, unalirudisha Ulaya likafe! Kwa sababu gani? Umechekwa. Binti, kuchekwa hakujamzamisha mtu."

Akainuka. Akavua kandambili zake akanipa, akasema kesho sitakuwa na kikundi. Nitakaa ufukweni toka maji yanapoanza kutoka mpaka yarudi yote, nitazame, nimletee nilichokiona. Akaondoka peku, mzee mzima.

Kesho yake nikakaa. Mwanangu, sijawahi kukaa kutwa tamu kama ile. Maji yakatoka hatua kwa hatua, na kila yalipotoka yaliacha watu wake. Wale wa juu kabisa, konokono wadogo wa kwenye miamba, waliachwa juani kwanza na wakafikiwa mwisho. Nikajiuliza, hawa hawafi? Nikamwinua mmoja. Kumbe ana kimlango! Amejifungia na maji yake ndani, anasubiri. Nikaenda kwa wengine. Chaza wamefumba. Minyoo imezama mchangani. Mwani umelala chini kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Wote wametulia, wanasubiri. Maji yalipoanza kurudi na kumgusa wa kwanza, akafungua. Halafu wa pili. Halafu ufukwe mzima ukaanza kutembea.

Nikajikuta nimesimama nikipiga kelele peke yangu kama kichaa: "Udongo umezaa!"

Unaelewa nilichokiona? Ni samaki wetu wa mvua! Ni swali lile lile la karai la bibi yangu. Maji yakiondoka, aliyeachwa anaishije? Kule bahari inaondoka kutwa mara mbili, huku Ulaya dimbwi linaondoka kiangazi kizima, lakini mtihani ni mmoja. Samaki wetu hawaanguki na mvua wala hawajakosea njia. Wanataga mayai matopeni, wao wanakufa dimbwi likikauka, mayai yanajifungia udongoni yanasubiri. Mimi niliyedhani sina ninachokijua kuhusu bahari, nilikuwa nimekuja nacho toka nyumbani.

Nilipomweleza Bwana Makame habari ya karai, alinifanya nirudie. "Udongo mkavu? Samaki?" Akaniagiza likizo ikiisha nije nao. Nikaja na kiroba cha udongo wa Ulaya kwenye treni, watu wananiuliza kama kwetu tunakula udongo. Tukaumwagia maji mbele ya darasa. Tukasubiri. Wale watoto wa pwani walipoviona vile vijisamaki wakasukumana mezani hadi karibu wamwage karai. Yule aliyesema mtu wa bara hapewi kazi ya bahari ndiye aliyeniuliza maswali mengi kuliko wote. Kazi iliyopotea tulikuwa tumekwisha kuirudia na chupa nyingine sote watano, maji yalipotoka mbali tena, na siku hiyo waliniambia neno zima: "Mzungu, usikawie, maji yanarudi." Jina halikuondoka. Kiatu kimoja bahari ilikirudisha, cha kushoto. Sijui ilidhani nitakifanyia nini.

Sasa tuje kwako, maana dirisha linafungwa na wewe umenitolea macho kama mwenye uchu.

Baba yako anasema hakuna ajira. Sitakudanganya kwamba ziko nyingi. Ajira za serikali ni chache na waombaji ni wengi, na nimewaona vijana wenye shahada nzuri wamekaa nyumbani wanachaji simu. Lakini mtu akisema "kazi ya bahari" akili yake inamwona mvuvi au inamwona profesa, katikati hapaoni. Katikati ndipo nilipokula mimi maisha yangu yote. Nilikuwa afisa uvuvi. Nilianzia kwenye soko la samaki ufukweni, kupima urefu na uzito wa waliovuliwa, kunuka shombo mpaka mume wangu akanipa kitanda cha peke yangu. Nikaenda kwenye mwani, kuwasaidia akina mama kujua kwa nini unaoza msimu wa joto. Mwishoni nikarudishwa huku bara kwenye mabwawa ya samaki, na mabwawa mnayoyaona Kimamba mengine nimeyasimamia mwenyewe. Kwa hiyo elimu ya bahari hainyauki ikiletwa Kilosa.

Siku hizi milango imeongezeka. Kuna hifadhi za bahari, zinataka wahifadhi kama Mikumi inavyowataka wa tembo. Kuna viwanda vinavyosafirisha samaki nje, lazima awepo mtu wa kupima kama ni salama. Kuna ufugaji wa majongoo bahari, kaa, kambamiti. Pakijengwa bandari au pakichimbwa gesi, anatakiwa mtu wa kusema matumbawe yataathirika vipi, tena mtu huyo awe na msimamo, maana atabembelezwa. Kuna utafiti, ambao unalipwa kwa miradi: leo upo, kesho mradi umekwisha, unatafuta mwingine. Kuna kufundisha. Usidharau hata mmoja. Na usidharau kuanza kwa kujitolea, wengi walioajiriwa niliowajua walionekana kwanza wakifanya kazi bila kutumwa.

Shahada hiyo ipo kwenye vyuo vikuu vyetu, bara na visiwani, na kama pointi zako zisingetosha ningekwambia uanze na stashahada ya uvuvi upande ngazi. Zako zinatosha. Kemia na baiolojia unazo. Lakini hisabati, mwanangu! Najua ulivyoikimbia. Mtoto anadhani atakwenda kucheza na pomboo. Atahesabu konokono! Atahesabu, aingize kwenye kompyuta, achore ramani, aseme kama wamepungua kweli au macho yake yamechoka. Asiyejua takwimu huko ni kama mpishi asiyejua chumvi. Kiingereza nacho kikaze, utafiti mwingi umeandikwa kwa hicho. Na uwe na uvumilivu wa kukaa kutwa unamtazama kaa anayehama nyumba. Kwa huo sikuhofii.

Nimebakiza jambo moja, na hili niliseme polepole. Acha hizo kunde kwanza.

Baba yako haogopi ajira. Anaogopa maji.

Unajua kwamba ulikuwa na baba mdogo aitwaye Athumani, umeoneshwa kaburi lake. Hujaambiwa zaidi, maana Saidi hasemi. Walikuwa watoto, wamevuka Miyombo kwenda kufukuza ndege kwenye mpunga. Wanarudi jioni, hapa jua linawaka, lakini mvua ilikuwa imenyesha huko milimani. Maji yakaja kwa pamoja. Saidi alikuwa amemshika mdogo wake mkono. Mwenyewe alifika ng'ambo, mkono ukiwa mtupu. Athumani tulimkuta huko chini, tukamzika, na dada yangu hakupona kilio kile mpaka anaingia kaburini.

Juzi baba yako alipokuwa anasema ajira, ajira, alikuwa anaitazama mikono yake. Nikaona. Alipoondoka nililia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe mtoto wake unataka kwenda kuishi na nyoka mwenyewe. Kwa hiyo usimwone mkaidi, wala usimjibu kwa maneno uliyoyasoma kwenye simu yako. Ni baba anayekupenda, hana neno la kuisemea hofu yake.

Haya. Aliniomba nikukataze, na mimi sitafuni jogoo wa mtu bure. Sikiliza ninavyokukataza.

Nakukataza kwenda huko kabla hujajifunza kuogelea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini mwenye akili huanza na ya kina kifupi. Morogoro mjini kuna bwawa na kuna mabinti wanaofundisha wenzao, tutakutafutia. Nakukataza kuyaamini maji kwa sababu yametulia, yawe ya chumvi, yawe ya Miyombo. Mtu akikwambia usikawie, muulize kwa nini, usimwache mpaka akupe neno zima. Nakukataza kuona haya kusema umetoka Ulaya. Ulichokiona huku hawajakiona, na wao walichokiona wewe hujakiona. Nakukataza kukikimbia kitabu cha hisabati. Na siku watakapokucheka, maana watakucheka, nakukataza kufunga begi siku hiyo. Lifunge kesho yake kama bado unataka. Hutataka.

Jioni hii utamwambia baba yako, "Bibi amenikataza," umtajie yote, na la kuogelea liwe la kwanza. Halafu unyamaze, umpe nafasi. Akiuliza habari za jogoo, mwambie simrudishi, nimefanya alichoniomba. Nitakuja mwenyewe kesho tuliongee kabla dirisha halijafungwa.

Na ukishahitimu, njoo kiangazi, Miyombo ukiwa wa magotini. Usimwambie kitu. Mshike baba yako mkono, mkono ule ule, uingie naye taratibu mpaka vifundo vilowe. Akisimama, simama naye. Simwombei zaidi ya hapo.

Njoo karibu nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu akutangulie, mwanangu, na akurudishe. Akupe macho ya kuuliza na subira ya kusubiri jibu. Maji yakiondoka yasikuache mkavu, na yakirudi yakukute umesimama juu, umeona ulichokwenda kuona, na viatu vyako umevishika mkononi.